Vitabu Sitini vya Mama Sampuli

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya meza na kabati, kiatu kimoja mguuni, kingine chini ya kiti. Kando yake palikuwa na pasi nzito ya chuma, waya wake ungali umezungushwa vizuri, kama anavyouzungusha mtu mwenye nidhamu akimaliza kazi.

"Pigo moja la kisogoni," daktari wa polisi alisema akivua glovu. "Jana, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni."

"Alikuwa amempa mgongo?"

"Ndiyo. Na humpi mgongo mtu unayemwogopa."

Inspekta aliandika. Kazini walimwita Kobe, kwa sababu hakuondoka eneo la tukio mpaka wenzake wote wachoke. Wachache walijua kwamba hakuanza kazi akiwa hivyo.

Mezani palikuwa na kikombe kimoja chenye chai nusu. Cha pili kilikuwa jikoni, kimeoshwa na kufudikizwa.

"Muuaji mwenye adabu," koplo alisema.

Inspekta hakucheka. Alikuwa akitazama boksi la viatu lililojaa vijitabu vyembamba. Kila kimoja kilikuwa na kurasa kumi na sita, maneno yaleyale, na namba jaladani kwa kalamu nyekundu. Moja hadi ishirini na mbili.

Binti wa marehemu, ndiye aliyeikuta maiti asubuhi ile, alikuwa ameketi kibarazani, macho makavu.

"Pole sana, dada. Mama alikuwa akifanya kazi gani?"

"Mkunga. Amestaafu miaka minne sasa. Alikuwa ameandika kitabu cha kumkumbuka mdogo wangu."

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Kaburini. Aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, miaka tisa iliyopita. Alikuwa na miaka kumi na minne. Gari halikusimama."

Inspekta aliinua kijitabu kimoja. "Na vijitabu hivi?"

"Sampuli. Alikuwa anachagua mchapaji. Miaka miwili, Afande, kwa nakala sitini tu! Anakwenda kiwanda hiki, wanamfungia kurasa kumi na sita za mfano, anazitazama, anaondoka. Tulimcheka mpaka tukachoka. Wajomba wakasema mchagua jembe si mkulima. Wachapaji wenyewe walimpa jina, Mama Sampuli."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Mama? Nusu ya mji huu imezaliwa mikononi mwake."

Muswada ulikuwa kwenye droo. Inspekta alivuta kiti akausoma wote, huku koplo akipekua sampuli na kunung'unika. "Hii namba saba ni nzuri kuliko vitabu vya shule vya mwanangu. Mama wa watu alitaka nini zaidi?"

Ukurasa wa arobaini na moja ulimsimamisha Inspekta.

*Jioni ile nilikuwa zamu. Nilipokea mtoto wa kike, baba yake akanishika mikono yote miwili akilia. Nilipotoka kunawa nikamkuta jirani amesimama na viatu vya mwanangu.*

Na chini yake:

*Polisi walinirudishia na daftari lililookotwa barabarani. Askari kijana mwenye haraka aliandika: daftari la marehemu. Lakini madaftari ya mwanangu niliyafunika mimi kwa gazeti, yote. Hili halikuwa na gazeti wala herufi moja ndani. Na pini zake zilipigwa kinyume, miguu imekunjwa nje, mgongoni. Nikajua limetoka kwenye gari, na kwamba kuna mkono mmoja tu unaofunga hivi.*

Inspekta alirudia mistari ile mara tatu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Askari kijana mwenye haraka alikuwa yeye. Siku ile alitaka kufunga jalada kabla ya zamu kwisha, akaandika neno moja la uvivu, na mama mmoja akabaki kufanya kazi ya polisi peke yake.

Alivigeuza vijitabu vyote, kimoja kimoja. Miguu ya pini ndani. Ndani. Ndani. Ishirini na mbili, yote ndani.

"Hakuwa anachagua mchapaji," alisema. "Alikuwa anamtafuta."

Koplo alisimama wima. "Basi kuna namba ishirini na tatu."

"Ipo. Na imeondoka na mwenyewe."

Akarudi kibarazani. "Dada, lile daftari lililookotwa barabarani liko wapi?"

"Kwangu. Mwezi jana alinipa. Akasema nyumba ya mtu mmoja haifichi kitu. Sikumuuliza." Akageukia mlango wa mama yake. "Kwa nini sikumuuliza?"

Inspekta alimwomba akalilete.

*

Mchapaji aliyefunga sampuli ya ishirini na mbili alikuwa mzee mwenye tumbo na vidole vilivyolowa wino mpaka kwenye mistari ya viganja. Aliposikia habari aliizima mashine.

"Maskini, Mama Sampuli. Wallahi nilimtania sana."

"Alipokuja aliuliza bei?"

"Hata siku moja! Nilimwekea karatasi nzuri, hakuigusa. Alikigeuza kijitabu, akaangalia mgongo, akasema asante."

Inspekta alimwonyesha daftari la zamani, likiwa ndani ya mfuko wa kielelezo. Mzee alivaa miwani.

"Nani kafanya hivi? Sisi sote tunalaza kitabu jalada juu, stepla inapiga kutoka nje, miguu inakunjika katikati. Huyu kalaza jalada chini. Mstari wa kukunja anauona vizuri, sawa, lakini miguu inamkwaruza msomaji. Huyu kajifundisha mwenyewe."

"Unamjua?"

"Kazi ya mwenzangu sijawahi kuifungua. Ila mama alikuwa amebakisha mmoja tu mji mzima. Fundi Mnyoofu, nyuma ya soko. Ni mimi niliyempa jina lake. Wiki iliyopita." Alikaa chini juu ya rimu za karatasi. "Mungu wangu. Nilimtuma mimi."

*

Chumba cha Fundi Mnyoofu kilikuwa safi. Mashine moja, meza moja, stepla ndefu. Ukutani palikuwa na mchoro wa nyumba na jua wa mkono wa mtoto, na sweta dogo la shule kwenye msumari. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini.

Koplo alitoa vijitabu viwili rafuni akamnong'oneza mkubwa wake. "Afande, miguu ndani." Inspekta alipitisha kidole. Jaladani vumbi, mgongoni pini zinang'aa. Zilikuwa zimebadilishwa juzijuzi.

"Mama Sampuli alifika hapa?"

"Namsikia tu."

"Hajafika kabisa?"

"Hajafika."

Inspekta alitoa mkobani karatasi nane zilizokunjwa kati, nakala ya mwanzo wa muswada. "Basi nisaidie, fundi. Nifungie hizi, nimpelekee binti yake. Jana saa kumi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa." Alizipokea karatasi, akazigonga mezani zikae sawa.

"Nani alikuona?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Una gari?"

"Nilikuwa na pikapu. Niliiuza."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani ya lini, fundi? Miaka mitano? Kumi?"

"Tisa."

"Ulikuwa unabebea nini?"

"Madaftari. Napeleka madukani."

Mikono ilikuwa ikiendelea na kazi yake. Ililaza karatasi jalada chini. Kidole gumba kikafuata mstari wa kati. Stepla ikalia mara mbili. Akageuza, akachukua nyundo ndogo, akailaza miguu ya pini mgongoni, taratibu, kama alivyofanya maisha yake yote.

Ndipo alipoona alichokifanya.

Inspekta aliweka daftari la zamani kando ya kijitabu kipya. Vilikuwa sawa.

Fundi aliishusha nyundo chini polepole. "Mke wangu alikuwa na uchungu," alisema. "Ndani ya pikapu. Anapiga kelele, damu inatoka. Yule kijana alitokea pembeni na baiskeli. Nilisikia kishindo, mzigo wa nyuma ukamwagika. Nikasema nikisimama nitawazika wawili."

"Ukaenda zahanati."

"Mkunga akampokea mwanangu. Nikamshika mikono." Akaitazama mikono yake. "Sikujua ni nani. Wallahi sikujua kwamba yule kijana ni mwanawe, mpaka jana. Juzi nilimfungia sampuli yake. Alipoichukua akatazama mgongo, akaniambia, 'Nimekuchagua wewe. Njoo kesho nyumbani.' Nilidhani nimepata kazi!"

"Na jana?"

"Akanipikia chai. Akanieleza yote bila kupiga kelele. Akasema nitamfungia vitabu sitini, na ukurasa wa mwisho nitauandika mimi, kwa mkono wangu, halafu twende wote polisi. Nikamwambia binti yangu ana miaka tisa, anasoma kila karatasi inayoingia hapa. Siku ya kuzaliwa kwake ndiyo siku hiyo. Nikapiga magoti. Akasema, 'Basi atajua kwamba baba yake mwishowe alisema kweli.' Akageuka kunitafutia kalamu."

"Pasi ilikuwa mezani."

"Ilikuwa mezani."

Koplo alimfunga pingu. Mlangoni fundi aligeuka akatazama lile sweta. "Anatoka shule saa nane. Nani atamwambia?"

Inspekta alijua ni nani atakayemwambia. Alikwenda mwenyewe, na habari hiyo haimo katika ripoti.

*

Baada ya mazishi binti wa marehemu alikuja kituoni na muswada kifuani.

"Nataka zichapwe nakala zote sitini. Kwa yule mzee wa namba ishirini na mbili. Lakini ukurasa wa mwisho mtupu."

Inspekta aliinuka akafunga mlango. "Dada, kuna jambo. Askari aliyeandika 'daftari la marehemu' ni mimi. Ningetazama mgongo wa lile daftari siku ile, mama yako angekuwa hai."

Alingoja kutukanwa. Yule binti aliuweka muswada mezani.

"Mama alikuwa anakujua. Alikuwa akikuona ukipita. Ndiyo sababu hakurudi kwenu."

Akaupekua muswada mpaka mwisho, akauchomoa ukurasa mtupu na kuuweka mbele yake.

"Andika wewe," alisema. "Na safari hii usiwe na haraka."