Mstari wa Chini katika Jina la Bomi

Ukungu wa ziwani ulikuwa umeifunika Chuncheon, mji wa Korea, tangu alfajiri. Ok-rim alikuwa akipiga pasi leso nyeupe. Kesho watoto wapya wangeanza shule, kila mmoja na leso imebanwa kifuani, kama ilivyo desturi, na juu yake kadi ya jina.

Bintiye, Bomi, aliitazama kadi yake iliyochapwa shuleni kwa kompyuta.

"Mama, nimevunjika."

Kweli. "Bo" ilikuwa nzima. Lakini herufi za "mi" zilikuwa zimetawanyika, kila moja upande wake.

Walikwenda shuleni.

"Mama Bomi, mashine hailijui jina hili," karani alisema. "Tuondoe huu mstari uliolala chini, ibaki 'mi' ya kawaida. Matamshi ni yaleyale. Nani atajua?"

"Mimi," Bomi alisema.

"Baba yake aliuweka makusudi," Ok-rim alisema. "Mstari huo unalifanya jina liwe 'wa majira ya maua'. Na serikalini ameandikwa hivyo. Vyeti visipolingana, atasumbuka mpaka ukubwani."

Akamwita jirani yao Jong-hui, fundi wa kompyuta. Jong-hui aliiona kadi, akacheka.

"Wewe Bomi! Hujaanza hata darasa la kwanza, umeshaishinda mashine!"

Kisha akaeleza. "Tukiandika Kikorea, herufi mbili, tatu huingia chumba kimoja, yaani silabi. Kwenye kompyuta kila chumba kina namba. Programu hii ya zamani ilivipa namba vile vinavyotumika sana, 2,350 tu. Chako kikasahauliwa."

"Sasa nitakaa wapi, mama mdogo?"

"Programu mpya imevipa namba vyote vinavyoweza kujengwa, hata ambavyo hakuna aliyewahi kuviandika. Vyote 11,172."

Bomi alifumba macho. Aliviona vikielea ukunguni, taa zinawaka, vingi vikiwa vitupu.

Jong-hui aliweka programu mpya. Akabonyeza konsonanti, kisha irabu. Herufi zikasogeleana, zikashikana.

"Ala!" karani alisema. "Kumbe nilitaka kumbadili jina mtoto wa watu bure! Hebu nimchapie na yule mwenzake niliyemkatalia jana."

Siku ya kwanza mwalimu aliinama mbele ya Bomi, akaisoma kadi.

"Jina zuri. Unajua? Mstari uliosimama ni mtu. Huu uliolala chini ni ardhi."

Bomi aliinamisha kichwa aitazame kadi kifuani pake. Kutoka huko juu, kila kitu kilikuwa kimepinduka, na mstari uliolala ulikuwa juu.

"Mwalimu," alinong'ona, "mimi naona mbingu."