Tope Juu ya Namba

Kila Jumamosi, akishamaliza uji, Jovita aliosha pikipiki ya baba yake. Ilikuwa kazi yake tangu alipoingia darasa la tano, na sasa alikuwa la sita. Alihitaji ndoo ya maji, kitambaa, sabuni ya unga na spana namba kumi. Kuosha kulikuwa kwa ajili ya macho ya watu. Spana ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

“Angalia nyuma ya namba,” baba yake, Projestus, alimfundisha. “Kibao hiki ni bati jembamba. Barabara yetu ya Nshamba ni mawe matupu. Bati likigongana na chuma kutwa nzima linachoka, linapasuka kwenye matundu ya bolti. Ndiyo maana nimeweka mpira katikati.”

Mpira wenyewe ulikuwa kipande cha tyubu kuukuu kilichokatwa kwa ukubwa wa kibao.

“Kagua kwanza mpira upo. Halafu kaza nati, lakini usikaze kama unamkaba mwizi. Ukizidisha, bati linapinda. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Taata.”

Projestus alikuwa mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya chama cha msingi cha kahawa. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Katika mkutano wa kijiji, watu walipolalamika kuhusu wanaovusha kahawa kwa magendo, alisimama akasema, “Mtu anayepaka namba ya pikipiki yake matope ana jambo analoficha. Mkimwona, mkamateni, hata akiwa ndugu yangu.” Watu walipiga makofi. Maneno yale yalirudiwa vilabuni na visimani mwezi mzima.

Sasa, wasichana wa darasa la sita walikuwa na mechi ya rede dhidi ya la saba, na mpira wao wa matambara ulikuwa umefumuka.

“Unataka kufungwa kwa vipande vya tyubu,” alisema rafiki yake Lilian. “Wewe kwenu kuna pikipiki, Jovita. Utakosaje tyubu?”

Jovita alitafuta nyumba nzima. Alitafuta stoo, akatafuta chini ya kitanda, akakosa. Jumamosi alipokuwa akiosha pikipiki, jicho lake likatua nyuma ya namba. Akafungua nati mbili, akachomoa mpira, akarudisha kibao juu ya chuma kitupu. Alijiambia kwamba angetafuta kipande kingine kesho. Kesho ikapita.

Darasa la sita walishinda. Jovita alibebwa juu juu.

Jumamosi iliyofuata alipogusa kibao kwa kitambaa, kililia: kodo, kodo. Akachungulia. Kutoka tundu la kushoto ulikuwa umetoka ufa hadi ukingoni. Tundu la kulia nalo lilikuwa na ufa, mfupi kama ukucha.

Baba yake alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, akianika kahawa. Angemwita, jambo lingekwisha kabla ya chai. Badala yake Jovita aliinama, akachota tope pale maji ya ndoo yalipomwagika, akalipaka juu ya ufa. Tope la upande mmoja lilionekana vibaya, basi akapaka kibao chote. Pikipiki nzima ikang'aa kama ya bwana harusi, namba ikawa chafu kama jembe.

“Mbona namba ina tope?” baba aliuliza jioni.

“Nilipita dimbwi la kisimani nilipoisukuma, Taata. Nitaiosha.”

Hakuiosha. Kuiosha kulikuwa kuufunua ufa.

Wiki ikaisha. Jumamosi ya tatu baba alifunga gunia la kahawa kavu nyuma ya pikipiki, alipeleke kwenye ghala la chama.

“Umekagua?”

“Nimekagua.”

“Panda. Utashika kitabu cha chama.”

Jovita alikaa kati ya mgongo wa baba na gunia. Njia nzima alikuwa akisikiliza. Kodo, kodo, kodo. Mvua za masika zilikuwa zimechimba barabara, na kila shimo lilimpiga moyoni. Walipoteremka bonde na kupanda upande wa pili, sauti ikanyamaza.

Alijua kibao kimeanguka. Alifungua mdomo aseme, akaufunga. Pikipiki ikaendelea, na kila mti waliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Kwenye njia panda, siku ya gulio, mgambo walikuwa wameweka kamba wakikagua mizigo ya kahawa. Mkuu wao, Kahigi, aliizunguka pikipiki taratibu.

“Mzee Projestus. Namba iko wapi?”

Projestus alishuka akaja nyuma. Palibaki bolti mbili tu, kila moja imeng'ang'ania kipande kidogo cha bati.

“Ilikuwepo,” alisema.

“Alhamisi niliiona hapa hapa,” alisema Kahigi. “Ilikuwa imepakwa matope, haisomeki. Nilinyamaza kwa heshima yako. Leo umeing'oa kabisa, na umebeba kahawa.”

Wauzaji wa ndizi waliacha mikungu yao wakasogea.

“Mzee wa kanisa naye yumo!” mmoja alipiga kelele.

“Si ndiye aliyesema tuwakamate?” mwingine akajibu. “Alitufundisha mwenyewe! Waitu, jamani, mwalimu mzuri!”

Kicheko kikapasuka. Projestus alivua kofia yake, akaikunja mikononi, akaikunjua.

“Sijaficha kitu,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. “Pikipiki hii inakaguliwa kila Jumamosi na binti yangu. Muulizeni. Huyu hajawahi kunidanganya.”

Macho yote yakamgeukia Jovita. Alitamani baba angemwita mwongo, ingeuma kidogo kuliko sifa ile.

“Tope nilipaka mimi,” alisema.

“Sema kwa sauti,” alisema Kahigi.

“Tope nilipaka mimi! Nilichomoa mpira wa nyuma ya namba tukatengenezea mpira wa rede. Bati likapasuka. Nikapaka tope Taata asione ufa. Imeanguka kule bondeni. Nilisikia, nikanyamaza.”

Hakuna aliyecheka tena. Baba yake alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

“Gunia na pikipiki vitabaki hapa,” alisema Kahigi. “Nendeni mkaitafute.”

Walirudi kwa miguu, baba upande huu wa barabara, binti upande ule. Jovita alipekua nyasi na mifereji, machozi yakidondoka humo humo.

Karibu na bonde, mbele ya nyumba moja, bibi aitwaye Kokushubila alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka wa kahawa, akiigeuza na kuikusanya kwa bati jembamba. Jovita akaona herufi za namba yao.

“Shikamoo, Maawe,” alisema. “Bati hilo ni letu.”

“Marahaba. La kwenu? Nimeliokota barabarani, na lina mdomo mzuri kuliko ubao wangu!” Alipomwona msichana analia, alilifuta kwa kanga yake na kumpa. “Chukua, mwanangu. Bati si la kulilia.”

Pale njia panda Kahigi alilinganisha namba na kadi ya pikipiki, akafungua kamba. Lakini kabla hawajaondoka, fundi Haidari, mwenye banda jirani, alimwita Jovita na kumpa spana.

“Funga wewe,” alisema. Alikata kipande cha bati gumu la kuegemeza kibao chote, akaweka mpira wa tyubu katikati, akatoboa matundu mapya mbali na ufa. Akampa washa, pete pana za chuma, na nati mbili kwa kila bolti, ya pili kuizuia ya kwanza isilegee. “Hii itawafikisha. Jumatatu mzee aripoti, aombe kibao kipya.”

Jovita alifunga, wale wauzaji wa ndizi wakitazama. Alipomaliza, baba yake alichuchumaa kando yake.

“Ungeniambia kuhusu mpira, ningekugombeza dakika moja. Ungeniambia kuhusu ufa, tungeuziba siku ile ile. Bati kupasuka ni kawaida, Jovita. Lakini kosa ukilifunika, wa kulibeba ni yule anayekuamini. Leo nimelibeba mimi, mbele ya watu wote hawa.”

“Nisamehe, Taata.”

“Nimekusamehe. Kukuamini ndiko kutachukua muda.”

Jumamosi iliyofuata Jovita aliosha pikipiki, akakagua mpira, akajaribu nati kwa spana. Kisha akaita kabla hajaulizwa.

“Taata, njoo uone.”

Projestus aliacha kahawa yake, akaja, akainama na kuchungulia nyuma ya namba mwenyewe. Zamani asingeinama. Jovita alisimama kando akimshikia kofia, akangoja mpaka amalize.