Umeme wa Saa Sita Mchana

Mita ilisoma sifuri.

Katibu aliifuta vumbi kwa kidole, akainama, akasoma tena. Sifuri mpaka mwisho. Nyuma yake, magari manane ya umeme ya kusambaza maziwa yalikuwa yamejipanga yadini, kila moja limechomekwa kwenye chaja yake, na kila chaja inawaka taa ya kijani. Kwa wiki mbili magari yale yalikuwa yakitoka alfajiri yamejaa chaji, yanazunguka maduka ya mji mzima, yanarudi kabla ya adhuhuri na kuchomekwa upya. Na mita haijahesabu hata uniti moja.

"Itakuwa mbovu," alimwambia fundi umeme.

Fundi alimwongoza hadi nyuma ya ukuta, akamwonyesha ule waya mnene unaotoka kwenye chaja. Ulikuja hadi kwenye boksi la mita, ukaishia hapo. Ncha yake ilikuwa bado imefungwa kwa utepe mweusi, kama fundi mwenyewe alivyoiacha.

"Shirika la umeme hawajatuunganisha, Katibu. Hata nguzo hawajaleta."

"Sasa magari yanachaji kwa umeme upi?"

"Nilidhani wewe unajua," fundi akasema kwa sauti ya chini. Akakusanya koleo na bisibisi zake, akaondoka, na hakurudi tena.

Katibu alijua, ila alikuwa hataki kujua. Ni yeye aliyeandika maombi ya ruzuku ya ushirika wao wa madereva, miezi sita ya fomu na michoro. Ruzuku ikatoka kwa sharti moja: siku ya mkaguzi kufika, chaja ziwe zinafanya kazi, la sivyo kila kitu kirudishwe. Madereva wakauza magari yao ya petroli ili watimize mchango wao. Kisha ikaja barua ya shirika la umeme, kwamba wasubiri mwaka mzima.

Mchana ule aliposoma barua alikuwa peke yake yadini. Aliegemeza paji la uso kwenye chaja ya kwanza, akalia, na katikati ya kilio akasema, "Atakayeziwasha mashine hizi, hata kama si mtu, achukue anachotaka." Mashine ikaguna. Taa ya kijani ikawaka, moja, halafu ya pili, mpaka ya nane. Akajifuta machozi, akaificha barua kwenye mkoba, akamwambia Mwenyekiti kuwa umeme umefika. Kwa wale waliotoa ruzuku akaandika hivyo hivyo.

Wa kwanza kudhoofika alikuwa kaka yake. Wenzake walimwita Injini kwa sababu hakuwahi kuonekana amechoka, na gari lake ndilo lililochomekwa kwenye chaja ya kwanza.

"Wifi," mke wa kaka yake alimfuata ofisini, akafunga mlango kabla ya kuongea, "kaka yako anarudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa. Jana kalala na chakula mdomoni. Na mwili wake ni wa baridi. Mtoto alimkalia mapajani, akashuka analia, akasema baba amekuwa chuma."

"Si uchovu wa kazi tu, wifi?"

"Uchovu naujua. Huu si uchovu."

Siku iliyofuata, saa sita mchana, Katibu alikwenda yadini. Madereva walikuwa na mazoea ya kulala kwenye viti vyao magari yakichaji. Jua lilikuwa kali lakini saruji ilikuwa baridi chini ya viatu vyake, na hewa ilinuka nywele zilizoungua. Chaja zilikuwa zinanguruma, si kama mashine, bali kama mtu anayeimba huku amefunga meno. Akamsogelea kaka yake. Kioo cha chaja kiliandika sitini na moja. Kaka yake akatoa pumzi, ndefu, taratibu, na namba ikawa sitini na mbili, na Katibu akasubiri aivute pumzi nyingine, akasubiri huku macho yakimtoka, na midomo ya kaka yake ikianza kuwa ya kijivu, na katika magari mengine saba vifua vya watu wazima vikiwa vimetulia vivyo hivyo kama vya watu waliokwisha kufa, mpaka hatimaye wote wanane wakavuta pumzi kwa pamoja, na wakaitoa kwa pamoja, na namba zote nane zikapanda. Akaukamata waya auchomoe. Ulikuwa na joto, laini kama mkono wa mtu, na ndani yake kulikuwa na mapigo.

"Ulisema nichukue ninachotaka," ikasema sauti kutoka kwenye chaja, kwa upole, kama karani anayemkumbusha mteja. "Bado thelathini na nane."

Alimburuta kaka yake hadi nje ya lango, akampeleka nyumbani. Haikusaidia. Jioni wifi yake alimpigia simu kusema mgonjwa anapumua kwa vipindi, anatoa na kusahau kuvuta. Nyaya hazikukubali kuchomoka kwenye magari, na madereva walipoambiwa wakae mbali na yadi, hata wale waliobaki makwao walizidi kudhoofika.

Wifi ndiye aliyemjua mganga, mwanamke mshonaji aliyekuwa na cherehani yake nyuma ya soko. Alifika yadini na sindano bado zimechomekwa kwenye kola. Hakuvuka lango.

"Huyu jini hakuvunja mlango," alisema. "Alikaribishwa. Na nani?"

Katibu akamweleza yote.

"Amesimama juu ya maneno yako mawili. Ulilomwambia yeye, na ulilowaambia wenye ruzuku. Lile la pili lifute kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya mtu wao. La kwanza litakosa pa kusimama, na hatakuwa na la kufanya ila kurudi alikotoka."

"Na nikishindwa?"

"Atahama siku atakapokuja mtu wa nje kuomba kuchaji hapa, na wewe ukamkubalia. Atamfuata huyo. Lakini hilo silo nililokuagiza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Mkaguzi alikuja siku ya tatu, akiendesha gari lake mwenyewe la umeme. Alikuwa kijana mpole, mwenye kusalimia kila mtu kwa mkono. Madereva saba walijipanga ukutani wakiegemeana.

"Katibu," Mwenyekiti akamnong'oneza, "wanaume hawa wameuza kila walichonacho. Usituangushe."

"Mliunganishwa umeme lini?" mkaguzi akauliza, kalamu mkononi.

Katibu akafungua mdomo. Barua ilikuwa kwenye mkoba, begani pake. Langoni mganga alikuwa amesimama anamtazama. Katibu akazitazama zile nyuso saba, akafikiria nyumba zilizo nyuma ya kila uso, na maneno aliyoyafanyia mazoezi usiku kucha yakamtoka kichwani.

"Wiki mbili zilizopita," akasema.

Ule mngurumo ukabadilika, ukawa kama mtu anayecheka bila kufungua midomo.

"Kazi nzuri sana," mkaguzi akasema. "Safari yangu bado ndefu. Naomba nichaji kidogo hapa?"

Mganga alitikisa kichwa kumkataza, mara moja tu. Katibu alimwona. Akafikiria pumzi ya kaka yake.

"Karibu," akasema.

Waya wa chaja ya nane, uliokuwa haukubali kuchomoka, ulimwachia mkaguzi mara moja, akauchomeka kwenye gari lake. Taa saba zikazimika papo hapo, ya nane ikabaki inawaka mpaka gari lake likajaa, kisha nayo ikafa. Simu ya Katibu ikaita. Wifi alikuwa analia na kucheka. "Kainuka, kakaa kitandani mwenyewe. Anaomba chai, wifi. Anaomba chai."

Gari la mkaguzi lilipotoka langoni, mganga alilipisha njia, akaligeuzia uso.

"Yadi ni safi," alimwambia Katibu. "Hayo mengine yatakuwa kati yako na yule kijana." Akaenda zake.

Magari hayakutembea tena. Mwenyekiti alikuja ofisini kila asubuhi kuuliza umeme utarudi lini, na madereva, sasa wenye nguvu na wasio na kazi, walikaa chini ya ukuta wakimsubiri Katibu atoke. Siku ya nne hakuvumilia. Alimpigia mkaguzi.

"Nilikuwa nimelala," mkaguzi akajibu, kwa sauti nzito ya polepole. "Uchovu wa safari tu. Niko kwenye yadi ya magari ya wagonjwa, nao wamepewa ruzuku kama ninyi. Unajua walikuwa wanasubiri umeme tangu mwaka jana? Nimechomeka gari langu kuwajaribishia tu, chaja zikawaka. Zote ishirini."

"Nilikudanganya," Katibu akasema, na barua sasa ilikuwa wazi mezani mbele yake. "Hatukuwahi kuunganishwa. Kulikuwa na kitu pale, na nilikuacha uondoke nacho. Watoe watu hapo. Unanisikia? Watoe watu."

Kwa upande wa pili palikuwa na vifijo, na makofi, na chini yake mngurumo.

"Sikusikii vizuri," mkaguzi akasema. "Watu wanashangilia hapa. Niandikie tu." Akakata simu.