Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

"Umekohoa tena!"

"Sikukohoa. Nilisafisha koo tu."

"Fundi, umekohoa! Mara ya tisa leo! Nimefika ubeti wa mwisho, sauti imekaa, vidole vimekaa, hata kuku wa jirani wameninyamazia, wewe unaniwekea kho-kho-kho kama trekta lililokataa kuwaka!"

Fundi alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba, kitambaa mdomoni, machozi yakimlengalenga machoni.

"Nilikimeza, mke wangu. Cha kwanza nilikimeza, cha pili nikakimeza. Cha tatu kikakataa kumezwa."

Siku nyingine Chiriku angecheka. Chiriku ndilo jina watu walilompa kwa ajili ya sauti yake. La kuzaliwa alibaki nalo mama yake. Nyimbo alitunga mwenyewe, gitaa alipiga mwenyewe, na kurekodi alirekodi mwenyewe humo humo chumbani: godoro limeegemezwa dirishani, friji limechomolewa, saa ya ukutani imefungwa taulo. Hakuwa na kampuni wala meneja. Alikuwa na saa nane mchana, mtaa unaposinzia, basi. Na hilo gitaa. Fundi alikuwa seremala, na mwaka waliooana alilichonga kutoka ubao wa kichwani mwa kitanda chao wenyewe. Tangu siku hiyo kitanda kikawa hakina kichwa, na kila asubuhi mito huokotwa nyuma yake.

Kikohozi nacho kilikuwa na historia. Wimbo wa kwanza wa Chiriku, ule uliompa jina, una mahali katika ubeti wa tatu anapouliza: "Ni nani yuko mlangoni?" Ananyamaza kidogo, kisha anajijibu: "Ingia, bwana, mwenye nyumba habishi hodi." Siku aliyourekodi, katika kile kimya kidogo, Fundi alikohoa nyuma ya mlango. Mara mbili, sawia na mapigo. Chiriku alikuwa hoi, akautoa hivyo hivyo. Wimbo ukaenea kama moto kwenye nyasi kavu. Na kila alikokwenda kuimba, akifika hapo, ukumbi mzima ulimkoholea: kho, kho! Kuna mzee mmoja alikohoa mpaka meno yake ya bandia yakaokotwa jukwaani, na aliyeyaokota aliapa kwamba yalikuwa bado yanacheka. Watu wanafurahi, Chiriku anauma midomo.

"Miaka kumi na moja!" akamwambia mumewe, gitaa likiwa bado mapajani. "Jana mtangazaji wa redio ananiuliza hewani, 'Dada, mgonjwa wako hajambo?' Mimi nimetunga wimbo, watu wanakumbuka kikohozi! Nataka albamu moja tu, Fundi. Moja, safi. Ya mimi peke yangu."

"Peke yako."

"Ndiyo, peke yangu!"

Neno likishatoka halirudi. Fundi akakikunja kitambaa mara nne, kingo juu ya kingo, kama anayepima ubao.

"Basi nakwenda kwa dada. Wimbo wa mwisho ukiisha, niite."

"Sijakufukuza."

"Najua. Nimejifukuza. Na mlango nitaufunga taratibu, usije ukaingia kwenye rekodi."

Nyumba ikatulia. Nyimbo zikaanza kuja zenyewe, moja baada ya nyingine, bila doa. Zile rekodi zilizoharibika Chiriku akazifuta zote kwenye kompyuta, nafasi ipatikane. Hakuacha hata moja.

Siku za mwanzo Fundi alipiga simu. Halafu zikawa meseji tu.

"Umefika wa ngapi?"

"Wa tano. Mbona hupigi siku hizi?"

"Niko kwenye msumeno. Kelele."

"Jumapili?"

"Mteja ana haraka. Imba, Chiriku wangu."

Akapiga yeye. Simu ikaita, ikakatwa. Meseji ikaingia: "Siwezi kuongea. Andika."

Mama mmoja muuza mboga wa pale kona, ambaye habari kwake hazilali njaa, ndiye aliyemaliza kazi. Alikuwa akimfungia vitunguu.

"Shoga yangu, karakana ya mumeo ina kufuli wiki ya tatu hii, unajua?"

"Ana mteja huko kwa dada yake."

"Ehee, mteja. Labda ni yule binti. Kijana, mzuri, juzi kamshika mkono wanapanda teksi. Mimi simo, macho tu ndiyo yameona."

"Kamshika vipi?"

"Kama yai."

Vitunguu vikabaki pale pale. Chiriku alifika kwa wifi yake hasira zikiwa zimemtangulia hatua tatu, akapiga mlango badala ya kubisha.

"Wifi! Karibu, mbona ghafla?"

"Nimekuja kumwona bwana harusi. Na bibi harusi kama yupo, nimpe mkono."

"Bibi harusi gani tena?"

"Huyo binti anayemshika mume wangu kama yai!"

Wifi yule, mwanamke ambaye kwa kawaida ukimuuliza saa anakueleza na ukoo wa aliyeitengeneza, siku hiyo alimtazama tu.

"Huyo ni muuguzi," akasema mwishowe. "Anampeleka kupimwa mapafu. Vua viatu uingie."

Fundi alikuwa ameegemea mito mitatu. Alikuwa amebaki mabega na macho. Alipomwona mkewe mlangoni, akavuta mto mmoja, akaufumbata mdomoni kwa mikono miwili, mwili mzima ukitikisika chini ya shuka.

"Toa mto," Chiriku akasema.

Akatikisa kichwa.

"Toa mto, Fundi. Hatuko kwenye rekodi."

Hapo akacheka, na kicheko kikafungulia kikohozi njia. Kilikuja kirefu, kizito, hakina mapigo yoyote. Chiriku akakaa ukingoni mwa kitanda akimshika mgongo mpaka kilipomwachia.

"Ni vumbi la mbao," Fundi akasema. "Miaka thelathini. Daktari anasema nikipasuliwa humu wanapata viti vinne na stuli."

"Usinichekeshe. Simu zangu kwa nini hukupokea?"

"Ningepokea ungesikia. Ungesikia ungeacha kurekodi. Nawe ulitaka albamu moja tu." Akavuta pumzi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Lini?"

Albamu ilikuwa na siku nane tangu iishe. Siku nane za kimya kitamu, Chiriku akilala katikati ya kitanda, akijiambia atamwita kesho.

"Juzi," akasema.

"Ah. Nilidhani labda umesahau kuniita."

Hakuuliza zaidi. Aliomba aisikilize. Chiriku akamtilia vidude vya simu masikioni, naye akafumba macho, akasikiliza nyimbo zote tisa, kitambaa kikiwa mdomoni tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Mazoea.

"Nzuri," akasema. "Safi kabisa. Kama nyumba iliyohamwa. Imefagiwa, hakuna hata msumari ukutani."

"Unanisifu au unanitukana?"

"Mimi seremala, nyumba nzuri naijua. Nauliza tu: humo anakaa nani?"

Chiriku akalia kwa sauti, bila kujali wifi aliyekuwa akisikiliza mlangoni.

"Turudi kwetu. Wimbo wa mwisho nitaurudia, ukohoe unavyotaka."

"Ona mambo! Jana kero, leo naajiriwa."

Alirudi, wakakaa pamoja siku kumi na saba. Gitaa lilikuwapo, kipaza sauti kilikuwapo, lakini Chiriku hakurekodi kitu. Kila alipotaka kuwasha aliona haya, kana kwamba anamuaga mtu aliye hai. Ukipata nafuu, alisema. Wiki ijayo, alisema.

Siku moja, akimlisha uji, alishindwa kuvumilia.

"Fundi, haikuwa juzi. Zilikuwa siku nane."

"Najua. Ulisema 'juzi' kwa ile sauti yako ya uongo. Hiyo siikosi hata nikiwa usingizini."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ulishasema unapenda kimya."

Akaona mkewe anataka kulia, akakichukua kijiko, akamgonga nacho puani. "Chiriku, mimi nakutania. Leta uji."

Siku ya kumi na nane, saa tatu asubuhi, mto ulianguka nyuma ya kile kitanda kisicho na kichwa. Chiriku akainama kuuokota. Alipoinuka nao, hakukuwa na wa kumpa.

Baada ya maziko, watu walipotawanyika, alifungua kompyuta. Akatafuta. Nyimbo tisa, zote safi. Kwenye simu, meseji tupu, maana mtu wake alijificha kwenye maandishi. Rekodi zile alizokuwa akizifuta kwa hasira, "Pole mke wangu", "Samahani narudi nje", kho-kho na vicheko vyake, hakuna. Miaka kumi na moja ya mtu nyuma ya mlango, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifagia. Palibaki mahali pamoja tu duniani, katika ubeti wa tatu. Akausikiliza, akaurudisha nyuma, akausikiliza. Kho, kho.

Alirudi jukwaani baada ya miezi mitatu, mchana wa Jumamosi, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki uliojaa mpaka madirishani. Wifi yake alikaa mbele. Chiriku aliimba nyimbo mpya, watu wakapiga makofi ya heshima. Mwisho akaanza ule wa kwanza. Ubeti wa kwanza, wa pili. Akafika.

"Ni nani yuko mlangoni?"

Kimya. Watu mia nne wameinamisha vichwa. Hakuna hata aliyesogeza kiti.

Vidole vya Chiriku vikasimama.

"Mbona hamkohoi?"

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akajibu kutoka nyuma, sauti ndogo: "Tunaona haya, dada. Tumesikia msiba."

"Miaka kumi na moja mmenikoholea ninawachukia. Leo ninawaomba, mnaona haya?" Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Jamani, vyake vyote nimefuta kwa mkono wangu. Kimebaki hicho kimoja, nacho kiko kwenu. Nirudishieni."

Akarudia mstari, taratibu. "Ni nani yuko mlangoni?"

Wifi ndiye aliyeanza. Alikohoa vibaya, nje ya mapigo, katikati ya kwikwi. Akafuata mzee wa pembeni, kiganja kikiwa kimeshika meno yake. Kisha ukumbi wote, mara mbili, kwa pamoja, na hakuna aliyecheka.

Chiriku akageuza uso kwenye mlango wa ukumbi kama mke aliyesikia hatua anazozijua. Akayaacha mapigo yapite, manne, manane, mtu apate muda wa kufika.

"Ingia, bwana," akaimba. "Mwenye nyumba habishi hodi."