Ufa Kwenye Pistoni

Kila alipotoka shule, Nati alivua sare, akavaa koti la kazi la mama yake lililomfika magotini, akakunja mikono ya koti na kuingia karakana. Jina hilo alipewa na mama. Alipokuwa akitambaa alimeza nati ya kabureta, na mama, fundi wa injini ndogo aliyesifika mtaa mzima, akalazimika kungoja itoke kwa njia yake. "Na ilirudi kazini!" mama alipenda kuwaambia wateja, nao walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Sasa mama hakuwapo. Alizikwa kabla ya mvua kuanza, karakana ikabaki mikononi mwa mjomba.

Siku hiyo mjomba alikuwa amefungua pampu ya maji ya mama muuza miche. Ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya marehemu.

"Mjomba, pini ya pistoni nitoe mimi?"

"Ningoje, mpwa wangu. Nafika kwa mchomeleaji, narudi sasa hivi. Na usiguse kitu, nakujua wewe."

Lakini mikono ilimwasha Nati. Kazi hiyo alimwona mama akiifanya mara nyingi. Akatoa klipu mbili zinazoizuia pini, akafungua kopo la pula, kile kifaa cha kuvutia pini. Kilikuwa na bolti ndefu ya kupita ndani ya pini, kikombe cha kukaa ubavuni mwa pistoni, na vichwa vya ukubwa mbalimbali vya kuisukuma pini kutoka upande wa pili. Mama hakufunga kichwa chochote kabla ya kukiweka juu ya pini na kupitisha kidole pembeni. Nati aliona huko ni kupoteza muda. Akachagua kichwa kilichoonekana imara kuliko vyote, akakaza spana.

Pini haikusogea. Akakaza tena, akining'inia kwa uzito wake wote. Tak! Akadhani imeachia. Kumbe kilichoachia ni pistoni. Ilikuwa na ufa.

Mjomba aliporudi, pula ilikuwa imesharudi koponi.

"Pistoni imepasuka," Nati alisema huku akitazama sakafu. "Nimeikuta hivyo."

Mjomba aliinama juu ya injini. Kabla hajainuka, mama muuza miche alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimesikia," alisema, akajiketisha juu ya debe. "Kwa hiyo marehemu alinifungia pistoni mbovu. Mimi! Mimi niliyemlilia kuliko ndugu zangu." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kumbe naye alikuwa analipua kazi kama wengine."

Maneno hayo yalimchoma Nati moyoni. Mama hakuwa na mdomo wa kujitetea tena. Mjomba alifungua kinywa aseme, lakini Nati alimtangulia.

"Si yeye, mama! Ni mimi. Nimeipasua sasa hivi. Yeye alifunga nzima!"

Kisha kilio kilichokataa kutoka siku ya mazishi kikatoka chote.

Mama muuza miche alifunika uso kwa viganja. "Nimemsema vibaya mtu aliyelala," alinong'ona. Akamvuta Nati kifuani, wakalia pamoja.

Pistoni za aina hiyo zilikuwa hazipatikani tena madukani. Ilibaki moja tu, ndani ya pampu ya marehemu mwenyewe, iliyokaa chini ya kitanda chake tangu alipougua.

"Hiyo siigusi bila ruhusa yako," mjomba alisema.

Nati alielekea chumbani mwa mama. Akaivuta kutoka chini ya kitanda, akaileta akiwa ameikumbatia.

"Kile kichwa ulichofunga kilikuwa kipana kuliko pini, kimeacha alama kwenye pistoni," mjomba alimweleza wakiifungua. "Kilikuwa kinaibana pistoni badala ya kuisukuma pini. Ikigoma, usiongeze nguvu. Simama ukague."

Nati alijaribu kichwa kimoja, ukingo ukazidi. Akajaribu kingine, kikawa kidogo kuliko pini kwa unywele tu. Akakaza taratibu, na pini ikaingia kwenye kikombe bila kelele. Ilikuwa bado na mafuta aliyoipaka mama. Nati hakuyafuta.

Kazi ilipokwisha, pampu ya mteja ilinguruma. Ya mama ilibaki mezani, tupu.

"Mjomba, ulijua kwamba nakudanganya?"

"Nilijua. Ufa wa zamani huwa mweusi kwa masizi. Wako ulikuwa unang'aa." Mjomba akaketi karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Kuharibu kitu ni sehemu ya kujifunza, hata mama yako aliharibu vingi. Lakini kosa ukilikataa halipotei. Linahamia kwa mwingine, na mara nyingi kwa yule asiyeweza kusema. Leo ungeninyamazia, mama yako angekufa mara ya pili. Umesema kweli, na imekuuma. Lakini heshima yake umeirudisha wewe, wala si mimi."

Nati aliitikia kwa kichwa. Kisha akakusanya vichwa vya pula, akavirudisha koponi kimoja kimoja.