Kimya cha Mwanamwema

"We kaka! Macho mbinguni, miguu kwenye vitunguu vyangu!"

Mnada wa Karatu ulikuwa umefurika siku hiyo ya mwaka wa sitini na sita, vumbi jekundu likipanda, mbuzi wakilia. Mwanamwema, binti wa Mzee Marijani mwenye duka, alikuwa kajitanda kanga ya maua ya manjano na kakunja uso juu ya vitunguu vyake vya bonde la Baray vilivyotawanyika. Kijana mwenye sare ya jeshi, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, bado alikuwa akitazama juu. Kandege kalikuwa kakipeleka watalii Ngorongoro.

"Samahani, dada. Ndiyo kazi yangu."

"Kutazama juu? Kuku wangu nao wanatazama mwewe, tena bila mshahara!"

Kijana akacheka, akainama kuokota. Jina lake Seif, karudi juzi kutoka ng'ambo alikofundishwa ulinzi wa anga. Huko, alimweleza huku akipangusa kitunguu, rada huiona ndege ingali mbali, na mtambo uitwao kompyuta humwonyesha kamanda inakoelekea na nani wa kuifuata.

"Lakini kwanza inaulizwa: rafiki au adui?"

"Isipojibu?"

"Tunaihesabu adui."

"Makubwa! Na kama ina haya tu?"

Seif alimtazama, akaisahau anga yote. Mpaka likizo yake inakwisha, mambo yalikuwa yamekolea. Aliporudi kambini kule pwani akawa anapiga simu ya duka.

"Haloo, mpenzi."

"Vitunguu tunavyo," Mwanamwema alijibu, maana baba yake alikuwa pembeni anapima sukari. "Unataka kilo ngapi?"

"Vyote, na muuzaji wake."

Ndivyo walivyozoea, mpaka jioni moja Seif aliposema bila utani, "Mwanamwema, nataka kuleta posa. Unanikubali?"

Jibu lilikuwa ndiyo, ndiyo, ndiyo! Lakini mwari aliyefundwa na shangazi Zuleha hajibu swali hilo kwa mdomo. Akainamisha kichwa, akanyamaza, akatabasamu. Haya, niambieni nyie, tabasamu linapita wapi kwenye waya wa simu?

"Mwanamwema?... Basi. Nimeelewa."

Hakupiga tena. Simu ya duka ikilia, msichana anaruka. Kumbe ni watu wa mahindi. Chakula hakikushuka. Kanga zikaanza kumpwaya, na hakuwa na wa kumwambia.

Kisha wakaja na posa wazee wa Abbasi, tajiri wa malori kutoka Arusha. Mzee Marijani akafurahi mno.

"Ijumaa baada ya Alasiri baba yako atakuuliza mbele yao," shangazi Zuleha alimwambia. "Wewe nyamaza tu. Kimya cha mwari ni ridhaa."

Kimya! Ndipo Mwanamwema akaukumbuka ule mtambo wa Seif: asiyejibu ni adui. Alitoka mbio hadi posta, akaomba simu ya kambini, akasubiri huku akitafuna ncha ya kanga.

"Seif, mbona umenitupa?"

"Wewe ndiye umenikataa. Nilikuuliza, hukujibu."

"Mjinga wewe! Nilikubali! Kwetu mwari akinyamaza amekubali!"

"Ya Rabi! Na mimi nimekuhesabu..."

"Njoo na mshenga! Ijumaa Alasiri baba ananioza..."

Laini ikakwaruza, ikafa. Alisikia siku? Hakusikia? Karani alijaribu tena na tena, wapi!

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Habari zikaja kwamba malori yamekwama matopeni kwenye kona za mlima wa Manyara. Barazani wazee wa Abbasi, waliofika tangu jana yake, walikunywa kahawa, na Mwanamwema alikaa nyuma ya pazia akisikiliza barabara. Hakuna gari.

"Mwanangu," baba yake aliita, "Abbasi amekuposa. Unasemaje?"

Akisema, amemwaibisha baba mbele ya wageni. Asiposema, ni mke wa Abbasi. Wazee walianza kutabasamu, mmoja akainua mikono asome Fatiha.

"Sitaki."

Shangazi Zuleha akamfinya. "We mtoto!"

"Sitaki, baba. Nisamehe."

Wageni waliondoka bila kupeana mikono. "Umenivua nguo, Mwanamwema," Mzee Marijani alisema, na binti akalia.

Magharibi ilikuwa haijaadhiniwa walipobisha hodi watu wawili, matope hadi vifuani: Seif na mjomba wake wa Mto wa Mbu. Lori lao lilikwama mlimani, wakaja kwa miguu. Ile sare ya pasi hata rangi yake haikujulikana. Mjomba aliomba radhi, akaomba posa, akaomba radhi tena.

Mzee Marijani, bado amenuna, aligeukia pazia. "Haya, wewe mwenye mdomo! Na huyu je?"

Kimya.

Jasho lilimtoka Seif juu ya matope. Alifumbua mdomo aulize, mjomba akamkanyaga mguu. Pazia halikutikisika, na mzee alingoja, akimtazama kijana huyu aliyepanda mlima kwa miguu. Mwishowe akashusha pumzi.

"Zuleha," aliita, "ongeza kahawa. Amekubali."