Simu Iliyowekwa Chini ya Pasi

Mama Uzi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilijaa vitambaa kutoka sakafuni hadi dirishani. Jumanne ile alikuwa anakata sare za wauguzi. Wauguzi thelathini na wanane! Vipimo vyao vyote vilikuwa ndani ya simu yake: mabega, kifua, kiuno na urefu. Hakuviandika mahali pengine popote.

Sare zilitakiwa Ijumaa. Akichelewa, kazi ya hospitali ingepewa fundi mwingine. Msimamizi wa wauguzi alimwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Na simu yenyewe, jamani, ilikuwa kongwe. Miaka saba mkononi mwake! Kioo kilikuwa na ufa. Sasa hata mgongo wa simu ulikuwa umeanza kuvimba.

"Dada, hiyo itupe," alisema mdogo wake wa kiume. Watu walimwita Toleo Jipya, maana kila mwaka alinunua simu mpya. Za zamani alizirundika kabatini, nzima kabisa.

"Ya kale dhahabu," alijibu Mama Uzi.

"Dhahabu gani hiyo yenye kitambi?"

"Na wewe? Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nenda zako, nina kazi!"

Mama Uzi alicheka, lakini moyo haukutulia. Toleo Jipya alipotoka, aliitazama simu. Kitambaa kikikunjamana, dawa yake ni pasi. Basi akaifunga simu kwa lastiki ya kiunoni, mizunguko mitatu. Akaichomeka kwenye chaji. Kisha akaitwika pasi yake nzito ya chuma, ambayo ilikuwa imepoa.

"Utanyooka tu," aliiambia.

Akakata sare nne alizokuwa ameshazichorea vipimo. Alipotaka vipimo vya sare ya tano, aliondoa pasi. Lo! Simu ilikuwa ya moto. Ilitoa harufu kali, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kioo kilikuwa cheusi. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Akakimbilia mlangoni.

"Bisibisi!" alipiga kelele. "Bisibisi, njoo!"

Bisibisi alikuwa binti wa mlango wa pili, fundi wa simu. Aliitwa hivyo kwa sababu bisibisi haikumtoka nyuma ya sikio. Alikuja mbio. Alipoiona ile lastiki, uso wake ulibadilika.

"Usiiguse, mama!"

Alizima umeme ukutani, akachomoa waya. Akavaa glavu nene. Akaibeba simu taratibu hadi nje, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga.

"Nilitaka kuinyoosha tu, mwanangu," alisema Mama Uzi.

"Mama, betri ikizeeka inaweza kujaa gesi. Ndiyo maana inavimba. Ukiikandamiza, inaweza kuwaka moto. Betri iliyovimba usiichaji, usiikandamize, usiitoboe. Zima simu, iweke mbali na vitu vya kuungua, umwite fundi."

Mama Uzi aligeuka kutazama chumba chake. Vitambaa, vitambaa, vitambaa. Cheche moja tu ingetosha.

"Na vipimo vyangu?"

"Sijui kama tutavipata. Tusubiri ipoe."

Walisubiri. Toleo Jipya akarudi, akaikuta simu kwenye ndoo. "Nilisema mimi! Nilisema!"

"Kaka, funga mdomo," alisema Bisibisi. "Simu hii haikuhitaji kutupwa. Ilihitaji betri."

Simu ilipopoa kabisa, Bisibisi aliifungua mezani kwake. Alikwenda polepole mno. Hata Toleo Jipya hakuthubutu kukohoa. Betri mbovu ilitoka ikiwa imefura kama andazi. Bisibisi aliizika kwenye kopo la mchanga.

"Haiendi jalalani," alisema. "Ina sumu, tena inaweza kuwasha moto. Nitaipeleka wanakokusanya betri mbovu."

Akaweka betri mpya. Akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Mama Uzi alifumba macho.

"Mama, tazama."

Kioo kilikuwa kimewaka. Vipimo vyote vilikuwemo, vya wauguzi wote thelathini na wanane. Mama Uzi akaanza kulia.

"Andika kwanza, mama. Utalia baadaye."

Aliandika kwenye daftari, mstari kwa mstari. Alipomaliza, aliuliza, "Sasa nitajuaje wakati wa kubadilisha simu? Huyu kila mwaka, mimi kamwe. Nani yuko sawa?"

"Hakuna. Wewe mteja akija, humshonei gauni jipya kwa sababu mwaka umeisha tu. Unamuuliza nini?"

"Namuuliza, hilo ulilonalo limekubana wapi?"

"Na kama kifungo tu kimedondoka?"

"Nashona kifungo."

"Betri ni kifungo. Lakini gauni likichakaa hata kiraka hakishiki, je?"

"Hapo nashona jipya. Kulitia viraka ni kupoteza uzi wangu bure."

"Na simu ni hivyo hivyo. Matengenezo yakikaribia bei ya simu nyingine nzuri, achana nayo."

Kisha Bisibisi akafungua mipangilio ya simu. Akakunja uso. "Lakini kuna hili. Kampuni huwatumia wenye simu masasisho ya usalama. Ni kama kukubadilishia kufuli, wezi wasiingie. Simu yako haipati tena tangu mwaka juzi. Hata ikiwaka vizuri, usiweke pesa ndani yake."

"Kwa hiyo ninunue mpya?"

Bisibisi alimtazama Toleo Jipya. Mama Uzi naye akamtazama.

"Haya, haya!" alisema Toleo Jipya. "Ninayo ya mwaka jana. Imelala tu kabatini."

Bisibisi aliikagua. Bado ilikuwa inapata masasisho. Akahamishia kila kitu humo, akafuta vilivyobaki kwenye ile kongwe.

Ijumaa saa nne asubuhi, sare thelathini na nane zilikuwa hospitalini. Msimamizi alizikagua moja moja. Akamwambia Mama Uzi, "Mwakani tena ni wewe."

Jioni Toleo Jipya aliingia akikimbia, simu mkononi. "Dada! Imetoka nyingine! Kamera yake, we acha tu!"

Mama Uzi hakuinua macho kwenye cherehani. Alivuta tu futi ya kupimia kutoka shingoni, akamwonyesha.

"Hiyo uliyonayo," alimuuliza, "imekubana wapi?"

Toleo Jipya aliigeuza simu yake, mbele, nyuma. Akaifikiria sana. Kisha akairudisha mfukoni.